Arthur C. Clarke alifuata nini Sri Lanka: bahari, kodi au kitu kingine?

#1 Kinasa_Mawimbi

Wakuu, salamu.

Nina wiki ya tatu nachimba maisha ya Arthur C. Clarke, yule mwandishi wa hadithi za kisayansi, na kuna jambo linanikereketa. Kazaliwa Minehead, Somerset, Uingereza, tarehe 16 Desemba 1917. Vita ya Pili ya Dunia yupo jeshi la anga, kitengo cha rada za kuongozea ndege kutua wakati wa ukungu. Vita ikaisha, akaingia King's College London, akatoka 1948 na daraja la kwanza katika hisabati na fizikia. Akawa mwenyekiti wa British Interplanetary Society, chama cha wapenzi wa safari za anga, vipindi viwili. Wachapishaji wake, marafiki zake na wenzake wa roketi, wote wako London.

Halafu 1956 anafunga virago, anahamia Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Akakaa huko mpaka alipofariki Colombo tarehe 19 Machi 2008, akiwa na miaka 90. Zaidi ya nusu karne!

Dai langu ni fupi: huyu mzee alikimbia kodi. Hayo ya "alipenda bahari" ni mapambo ya jalada la kitabu. Anayebisha aje na tarehe, asije na hisia.

#2 Jini_la_Maktaba

Nimekaa paleee, mkeka nimeshatandika.

#3 Pezi_Refu

Mleta mada umeanza na jibu, swali ukaliacha nyumbani. Umetaka tarehe, chukua.

Desemba 1954 Clarke yuko ndani ya meli iitwayo Himalaya, safarini kwenda Australia kuzamia kwenye miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef. Meli ikatia nanga Colombo kwa nusu siku tu. Katika hiyo nusu siku akakutana na Rodney Jonklaas, mzamiaji aliyekuwa akifanya kazi bustani ya wanyama ya Dehiwala, ambaye alikuwa anaijua bahari ya pale kama kiganja chake. Clarke akaenda zake Australia, akamaliza kazi, na 1956 huyo akarudi na mwenzake Mike Wilson. Mkwepa kodi anatafuta mwanasheria. Huyu alitafuta mtu wa samaki.

Na kuzamia kwenyewe kulitokana na anga. Mwenyewe alilieleza hili mara nyingi: miaka ile hakukuwa na chombo cha kumpeleka binadamu angani, kwa hiyo njia iliyobaki ya kuonja kutokuwa na uzito ilikuwa kujifunga mtungi wa hewa mgongoni na kushuka majini.

Mimi nazamia, nimeshavuka mbizi mia mbili. Ukiupatia mkanda wa vipande vya madini ya risasi uzito wake sawasawa, mapafu ndiyo yanakuwa usukani. Ukivuta pumzi unapanda kiasi cha kiganja, ukiitoa unashuka. Siku ya kwanza kulipatia hilo nilicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani. Mtu aliyeota mwezi tangu utotoni, ukimwonyesha kitu kama hicho, London utamrudisha kwa pingu.

#4 Chongo_la_Darubini

Kwa hiyo naye alizamia Ceylon 😂 Sema wenzake wakizamia wanarudishwa na meli ya kesho yake, yeye akapewa nyumba.

#5 Mama_Riwaya

Pezi_Refu kasema kweli ila kaacha nyama. Mwaka huo huo wa 1956, kule Trincomalee, Clarke na wenzake walikuta chini ya maji mabaki ya hekalu la Koneswaram: nguzo na mawe ya kuchonga, yamelala kwenye mchanga. Hekalu hilo lilibomolewa na Wareno karne ya 17. Ndio, Wareno wale wale, waliingia bahari hii wakabomoa pande zote.

Halafu 1961 Clarke akagundua meli iliyozama na shehena ya sarafu za fedha. Sasa niambie, mleta mada, mtu mwenye bahari kama hiyo mlangoni anawaza mkaguzi wa kodi?

#6 Nahodha_Mstaafu

Dada Mama_Riwaya, marekebisho kidogo kwa heshima. Clarke hakuiona yeye ile meli. Siku ile hakuwepo kabisa.

Ilikuwa Machi 1961 kwenye mwamba wa Great Basses, kusini mwa kisiwa. Mike Wilson alikwenda kupiga filamu akiwa na vijana wawili wa Kimarekani, wadogo, ndio kwanza wanaanza kuota ndevu. Hao ndio walioangukia mizinga na mabonge ya rupia zilizogandamana. Sarafu zilikuwa za wakati wa Aurangzeb, mfalme wa Wamogoli wa India, zimepigwa Surat, na mwaka wake ni 1113 Hijria, yaani 1702. Clarke alishuka pale baadaye, msafara wa 1963, kisha akaandika kitabu. Mwenye kalamu ndiye anayekumbukwa, waliolowa wanasahaulika.

Kwa faida ya wasomaji: mabaharia wa zamani wa Kiarabu walikiita kisiwa hicho Sarandibu. Kwa hiyo si pembe ya dunia kama mleta mada anavyotaka tuamini. Meli zilipita hapo karne na karne.

#7 Mama_Riwaya

Nimepokea, nahodha. Wilson, siyo Clarke. Asante.

#8 Kinasa_Mawimbi

Bahari nimeikubali, sikusema hakuizamia. Lakini mbona hamligusi hili: mwaka 1975 Sri Lanka ilianzisha mpango wa kisheria wa "wageni wakaazi", raia wa nje wanaoruhusiwa kuishi huko na kupata nafuu ya kodi kwa fedha wanazoingiza kutoka nje. Watu wakaupachika jina la Clarke! Sheria nzima inaitwa kwa jina lako halafu mnaniambia matumbawe?

#9 Hesabu_Kwanza

1975 toa 1956 unapata 19. Alisubiri miaka 19 ili akimbie kodi? Huyo alikuwa na subira kuliko kobe.

#10 Kinasa_Mawimbi

Hesabu_Kwanza, hesabu yako sawa, hoja yako hapana. Hakuhitaji sheria ya 1975 ili kuondoka. Alihitaji kutoka Uingereza tu, na Uingereza ya miaka ya 50 ilikuwa inawakamua wenye kipato kikubwa. Na kipato alikuwa nacho. Kitabu chake cha 1951 kuhusu safari za anga kilichukuliwa na klabu kubwa ya vitabu ya Marekani. Sheria ya 1975 ni ya kumbakiza.

#11 Asiye_na_Picha

Mnazunguka mbuyu. Juni 1953 alioa Mmarekani, harusi ya haraka haraka, wakatengana baada ya miezi sita. Desemba 1954 yuko melini anakwenda upande wa pili wa dunia. Talaka yenyewe ilikuja 1964. Wanaume tunajua maana ya kupanda meli mwaka mmoja baada ya mambo kama hayo. Sitaki kusema mengi.

#12 Chongo_la_Darubini

Asiye_na_Picha, pole sana mkuu. Wewe ulipanda meli gani?

#13 Asiye_na_Picha

Basi la usiku. Tuendelee na mada.

#14 Mama_Riwaya

Hoja ya ndoa siitupi, ila mambo ya chumbani kwake mwenyewe aliyafungia na mimi sina ufunguo. Ninachokijua ni kwamba mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote kule alikuwa Leslie Ekanayake, aliyefariki kwa ajali ya pikipiki 1977. Clarke amezikwa kando yake, Colombo. Mtu akichagua kulala milele pembeni ya rafiki yake, mimi habari za kodi naziweka chini kabisa ya orodha.

#15 Mguu_wa_Kushoto

Huwa nasoma tu, sichangii. Leo imenibidi.

Clarke aliugua polio 1962, akapooza, ikamchukua muda mrefu kuinuka. Mwaka 1988 wakagundua ana hali inayowapata watu waliougua polio miongo mingi nyuma: misuli iliyopona inaanza tena kuchoka na kulegea. Miaka yake ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu.

Mimi nilipata polio nikiwa na miaka miwili, mguu wa kushoto ni mwembamba kama mkono. Nchi kavu natembea kwa mahesabu: ngazi ngapi, sakafu inateleza kiasi gani, mlango unafunguka upande upi. Nikiingia majini mahesabu yote yanaisha. Maji hayaulizi mguu upi mzima. Nilipokuja kusoma kwamba baada ya ugonjwa Clarke aliendelea kuzamia huku kutembea kunampa tabu, sikuhitaji maelezo ya mtu mwingine kwa nini hakurudi kwenye baridi ya Uingereza. Baridi kwa misuli ya namna hii ni adui, nawaambia.

#16 Pezi_Refu

Mguu_wa_Kushoto, nashukuru kwa kuandika.

Na umetupa kitu tulichokuwa tunakichanganya tangu mwanzo. Yapo maswali mawili: kwa nini alikwenda, na kwa nini alibaki. Wilson na matumbawe ni ya 1956. Polio ni ya 1962, sheria ni ya 1975. Mtu anaweza kuingia nyumba kwa mlango mmoja akaja kukaa kwa sababu ya dirisha.

#17 Kinasa_Mawimbi

Hapo kidogo nimetikisika. Kidogo.

#18 Fundi_Masafa

Nimechelewa, nilikuwa juu ya paa. Kazi yangu ni kulenga madishi, na huyu mzee nikimkuta peponi nitambusu mkono.

Oktoba 1945, akiwa bado jeshini, aliandika kwenye jarida la Wireless World kwamba ukiweka mitambo mitatu angani juu ya ikweta, umbali wa kilomita kama 36,000, kila mmoja nyuzi 120 kutoka mwenzake, unaifunika karibu dunia yote kwa redio na televisheni. Kwa umbali huo chombo kinazunguka kwa kasi ile ile ya dunia, kwa hiyo ukiwa chini unakiona kimesimama palepale. Ndiyo maana dishi ukishalilenga na kulifunga hulizungushi tena. Mstari huo sisi mafundi tunauita mkanda wa Clarke mpaka leo.

Sasa nadharia yangu, msinicheke. Ukiwa karibu na ikweta dishi linatazama juu karibu wima. Ukienda kaskazini sana linainama mpaka linapigana na majengo na miti. Colombo iko kama nyuzi 7 kaskazini ya ikweta. Mzee alihamia chini ya mkanda wake mwenyewe! Na kwenye riwaya yake ya 1979, ile ya lifti ya kwenda angani, alikichukua kisiwa hicho hicho akakisogeza kilomita kama 800 kusini kikakaa juu ya ikweta.

#19 Chongo_la_Darubini

Mkuu hiyo ni chai, tena ya tangawizi. 1956 hakukuwa na setilaiti hata moja. Sputnik ni Oktoba 1957. Alihamia chini ya kitu ambacho hakipo?

#20 Fundi_Masafa

Kwake yeye kilikuwepo tangu 1945. Na malipo alikuja kuyapata: wakati wa jaribio la India la televisheni ya setilaiti la 1975 na 1976, Wahindi walikwenda kumfungia dishi nyumbani kwake Colombo. Yaani mvumbuzi wa mkanda analengewa mkanda. Mimi ningelipiga lile dishi picha na fremu.

Angekata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) 1945 angekuwa tajiri kuliko wote tunaowasikia. Kila setilaiti ya pale juu ingemlipa.

#21 Hesabu_Kwanza

Fundi, hapo nakushika mara tatu.

Moja: wazo la obiti hiyo hakulianzisha Clarke. Herman Potočnik, mhandisi aliyetumia jina la Noordung, alishaipiga hesabu mwishoni mwa miaka ya 20 kwenye kitabu chake kuhusu vituo vya angani. Cha Clarke ni kuitumia kwa mawasiliano ya dunia nzima. Pili: hiyo "kasi ile ile ya dunia" mzunguko wake si saa 24 kamili, ni saa 23 na dakika 56, kwa sababu dunia inajizungusha ikilinganishwa na nyota, jua lina mambo yake. Urefu kamili ni kilomita 35,786. Tatu: hataza ya Uingereza wakati ule ilidumu miaka 16. 1945 ongeza 16 ni 1961. Syncom 3, setilaiti ya kwanza kutulia sawasawa juu ya ikweta, ilirushwa Agosti 1964. Hataza ingekuwa imeshakufa na kuzikwa miaka mitatu kabla.

Makala yenyewe alilipwa pauni 15.

#22 Fundi_Masafa

Pauni 15! Mimi nikipanda paa mbili tatu nimemzidi.

Potočnik nakubali. Ila usimnyime mzee haki yake. Kuna na kichekesho ambacho mnakiruka: kwenye wazo lake la 1945 mitambo hiyo ilikuwa vituo vyenye watu ndani. Redio za wakati ule zilitumia taa za kioo zinazoungua kila mara, kwa hiyo lazima mafundi wakae huko kuzibadilisha. Alitabiri setilaiti, transista ikampita chini ya pua. Yaani kwenye dunia yake mimi ningekuwa naishi kilomita 36,000 juu nabadilisha taa. Mke wangu angefurahi sana.

#23 Zamu_ya_Usiku

Wakuu, nawasoma niko zamu, mitambo inanguruma tu. Kichwa cha uzi kinazungumzia maisha yake, tupeni na mambo madogo madogo. Akitoka majini alikuwa anafanya nini? Mimi najifunza kuandika na nataka kujua hawa watu wanapata wapi muda.

#24 Mama_Riwaya

Zamu_ya_Usiku, kaa vizuri.

Mchezo wake mkubwa nchi kavu ulikuwa mpira wa meza. Hata miguu ilipoanza kumgomea aliendelea kucheza ameegemea meza, na waliocheza naye wanasema alikuwa hana huruma. Alikuwa na darubini nyumbani, akipenda kuwaonyesha wageni mwezi. Alikuwa na mbwa mdogo wa aina ya Chihuahua jina lake Pepsi. Utotoni shambani Somerset alikusanya visukuku, kisa baba yake alimpa kadi ya pakiti ya sigara yenye picha ya dinosaria. Baba huyo alifariki Arthur angali kijana mdogo.

Uzeeni akapagawa na kompyuta. Miaka ya 90 mwanzoni alikaa akitumia programu ya kuchora mandhari, akaichukua sayari ya Mihiri akaanza kuiotesha misitu na kuijaza bahari kwenye skrini, mpaka pakatoka kitabu. Umri umevuka sabini, anachora mito kwenye Mihiri.

Na habari zake kwa watu alikuwa anazituma kwa barua moja ya kila mwaka aliyoipa jina la Egogram. Humo anaeleza afya yake, wageni waliopita, anachoandika, nani kamtunuku nini. Wengine wanatuma kadi ya heri ya mwaka mpya, yeye anatuma taarifa ya mwaka ya shirika la Arthur.

#25 Chongo_la_Darubini

Angalau alikuwa mkweli, kaiita kwa jina lake. Nina shemeji anatuma ya hivyo kila siku kwenye kundi la familia na hajaipa jina.

#26 Jini_la_Maktaba

Mkeka umenichosha, niseme na mimi. Clarke alikuwa na rafiki yake na mshindani wake, Isaac Asimov. Siku moja wakiwa kwenye teksi Park Avenue, New York, wakawekeana mkataba wa utani: Clarke atangaze kwamba Asimov ndiye mwandishi bora wa sayansi duniani, yeye wa pili. Asimov naye atangaze kwamba Clarke ndiye bora wa hadithi za kisayansi, yeye wa pili. Wakautekeleza mpaka kwenye kurasa za vitabu.

Na angalieni tofauti yao. Mmoja kavuka dunia kwenda kuishi kisiwani, mwingine aliogopa ndege, hakupanda ndege hata siku moja maishani.

#27 Hesabu_Kwanza

Alipanda. Mara mbili, miaka ya 40: moja alipokuwa anafanya kazi za jeshi la majini, nyingine akirudi kutoka Hawaii alikopelekwa akiwa askari. Baada ya hapo ndipo akasema basi.

#28 Jini_la_Maktaba

Hesabu_Kwanza wewe nyumbani mnakula na rula mezani?

#29 Zamu_ya_Usiku

Haha. Nimepata nilichotaka, nami naongeza. Kuhusu muda: Octavia Butler, mwandishi wa hadithi za kisayansi wa Marekani, alikuwa anaamka saa nane usiku kuandika kabla ya kwenda kwenye vibarua. Aliosha vyombo, aliuza kwa simu, alikagua vipande vya viazi vya kukaanga kiwandani. Gari hakuendesha, alipanda basi. Mwaka 1995 akapata tuzo ya MacArthur, na 2021 NASA wakakiita kwa jina lake kituo alipotua roboti wa Perseverance kule Mihiri. Liu Cixin, mwandishi mwenzao wa China, naye alikuwa mhandisi wa kompyuta kwenye kituo cha kufua umeme, Niangziguan, mkoa wa Shanxi, anaandika hapo hapo.

Nami niko kwenye kituo cha umeme saa nane usiku. Kilichobaki ni kipaji.

#30 Kinasa_Mawimbi

Zamu_ya_Usiku angalia geji zako, usituzimie umeme.

Turudi. Nimefikiri sana juu ya kutenganisha "kwenda" na "kubaki". Kuna jambo linanisumbua hata dhidi ya dai langu. Mwaka 1983 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza Sri Lanka. Mabomu mpaka Colombo kwenyewe. Mtu wa kodi tu, mwenye fedha na pasi ya Uingereza (uraia wake hakuuacha), angehamia kisiwa kingine chenye nafuu na usalama. Visiwa vya kodi ndogo vimejaa duniani. Yeye akabaki humo humo vitani mpaka alipofariki.

Ila nao wa bahari mnijibu: mnamfanya kama mkaa pweke wa ufukweni. Mbona filamu ya 1968, 2001: A Space Odyssey, na mwongozaji Stanley Kubrick aliifanyia kazi New York, hotelini Chelsea? Mbona Apollo 11 ilipotua mwezini mwaka 1969 alikuwa studio za televisheni ya CBS, Marekani, na mtangazaji Walter Cronkite? Huyo matumbawe alikuwa anayaona saa ngapi?

#31 Pezi_Refu

Kusafiri si kuhama. Mimi nalala kitandani kwangu na kazini naenda.

#32 Fundi_Masafa

Na baadaye hakuhitaji hata kusafiri. 1983, filamu ya pili, mwendelezo wa ile ya 1968, ilipokuwa inatengenezwa, alikuwa anaandikiana na mwongozaji Peter Hyams aliyeko Los Angeles kwa kompyuta na modemu kupitia laini ya simu. Mwaka 1983! Wengi wetu hapa modemu ya kwanza tuliisikia ikilia miaka mingi baadaye. Hoja yangu imerudi pale pale: mtu aliyejenga kichwani dunia ambayo mawasiliano yanafika kokote alikuwa hana haja ya kuishi London. Alihama mapema kuthibitisha.

#33 Chongo_la_Darubini

Fundi sasa chai umeiongezea maziwa. Lakini hii ya pili naweza kuinywa.

#34 Mguu_wa_Kushoto

Mimi narudi kwenye mwili. Kazini kwangu niliruhusiwa kufanya kazi kwa mtandao nyumbani na maisha yakabadilika. Huenda Fundi_Masafa na mimi tunasema kitu kimoja.

#35 Asiye_na_Picha

Bado hamjajibu kuhusu ndoa.

#36 Nahodha_Mstaafu

Haijibiki, kijana wangu.

Niongeze mawili. Clarke alikuwa na kampuni ya kuzamia kule Hikkaduwa. Tsunami ya Desemba 2004 iliifagia. Yeye alikuwa Colombo, akasalimika. Bahari iliyomleta ikamvunjia, naye hakuondoka.

La pili: Desemba 2007 alipotimiza miaka 90 alirekodi ujumbe wa video kwa marafiki na wasomaji, akataja matakwa matatu. Kuona ushahidi wa viumbe wa sayari nyingine. Kuona wanadamu wameacha kutegemea mafuta. Na la tatu, amani ya kudumu Sri Lanka. Viumbe na mafuta yalitarajiwa kwa mtu kama yeye. Hilo la tatu ni la mtu anayezungumzia kwao. Vita iliisha Mei 2009, miezi 14 baada ya yeye kuzikwa. Mazishi kwa maagizo yake hayakuwa na ibada yoyote ya dini.

#37 Mama_Riwaya

Nahodha umeninyamazisha.

#38 Jini_la_Maktaba

Tupoze. Kuna sayari ndogo yenye jina lake, namba 4923. Alitaka namba 2001, kwa sababu mnazozijua, ikaonekana ina mwenyewe. Mwenyewe ni Albert Einstein. Akasema basi, kwa huyo hana la kudai.

#39 Hesabu_Kwanza

Hiyo ni kweli. Nimekagua.

#40 Jini_la_Maktaba

Alhamdulillah.

#41 Kinasa_Mawimbi

Wakuu, naweka kumbukumbu: kodi siifuti, naishusha kutoka sababu ya kwanza hadi ya tatu. Bahari na mwili ziko juu. Ndoa ya Asiye_na_Picha nimeiweka pembeni kwa heshima. Setilaiti ya Fundi sijui niiweke wapi.

Makabrasha yake, barua na daftari alizoziita Clarkives, yalisafirishwa kwenda makumbusho ya anga ya Smithsonian, Marekani. Kuna mwenye uzoefu wa kuomba kusoma nyaraka za namna hiyo kwa mbali? Nataka za 1955 na 1956 tu.

#42 Zamu_ya_Usiku

Ukizipata angalia na alikuwa anaamka saa ngapi.

#43 Asiye_na_Picha

Na za 1953.